Naogopa sindano ya rangi. Jicho langu litapimwaje?

SWALI

Dada mshauri, salaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto 5, nina miaka 56, nauza mukene, yaani dagaa, na samaki wa kukausha hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Wiki 3 zilizopita niliamka alfajiri nikakuta jicho la kushoto limeingia moshi, hasa upande wa chini. Halikuuma, halikuwasha, halikuwa jekundu. Nikadhani ni vumbi la malori, nikanawa, nikaenda sokoni.

Siku ya tatu nilikuwa nahesabu pesa. Nikafumba jicho la kulia kwa kujaribu tu, nikashindwa kutofautisha noti ya 5,000 na ya 20,000. Nikafungua daftari la madeni, mistari ikawa inapinda katikati kama imelowa maji. Hapo nikaogopa. Duka moja la miwani liliniuzia miwani ya kusomea, haikubadilisha kitu. Jirani akanikamulia majani fulani jichoni. Niliyaweka siku 2, yakanichoma, nikaacha.

Mwishowe nilikwenda Tororo kwa watu wa macho. Walinisomesha herufi za ukutani, wakanimulika kurunzi jicho hili na hili, wakanitia matone ya kupanua mboni, wakachungulia kwa muda mrefu. Daktari akasema mshipa mdogo wa damu nyuma ya jicho umeziba. Kwenye karatasi ameandika herufi 4, BRVO. Akanipima presha, ikawa 178 kwa 104. Ni kweli vidonge vya presha niliviacha tangu Ramadhani kwa kuwa nilijiona mzima. Akaniambia niende Kampala nikapigwe picha za nyuma ya jicho, na kwamba huenda nitadungwa rangi kwenye mkono.

Dada, hiyo rangi ndiyo inayoninyima usingizi. Mwaka jana mdogo wangu alidungwa rangi katika hospitali moja akipigwa skani ya tumbo. Mwili ulimvimba, pumzi ikambana, wakamwokoa kwa shida. Sisi ni damu moja, na nikidungwa mimi huenda nisiamke.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mwanangu wa kwanza, fundi wa pikipiki Jinja, anasema kuna mashine inayopiga picha ya mishipa bila sindano, tusikubali kingine. Binti yangu anasema kipimo kisichoingia mwilini hakiwezi kujua kilicho ndani, ni kula pesa za watu. Mume wangu anasema tusubiri kwanza ada za shule zilipwe, maana jicho moja bado linaona.

Nimfuate nani? Je, kweli mshipa ulioziba unaweza kujulikana bila kudungwa?

Mama wa Mukene, Busia

JIBU

Mama wa Mukene, wa aleikum salaam, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara 3, na kuna jambo umelipita haraka ambalo nataka tuanze nalo kabla ya habari za sindano. Presha 178 kwa 104, na dawa umeziacha tangu Ramadhani. Mama, vumbi la malori halina kosa hapa. Nimekuwa muuguzi wa macho kwa miaka mingi, na nimekaa na wagonjwa wengi ambao presha yao waliijua kwanza kupitia jicho, kwa sababu presha haiumi na mtu hujiona mzima hadi siku inapomharibia kitu. Kesho asubuhi, kabla hujapanga samaki wako, nenda kituo cha afya kilicho karibu upimwe tena. Waambie ukweli kwamba uliacha dawa, wakupangie upya. Usianze kumeza vile vilivyobaki kabatini kwa kukisia. Mshipa ulioziba jichoni unatuambia hali ya mishipa mingine yote, ya moyo na ya ubongo. Ukiona uso umekwenda upande, mkono umelegea au maneno hayatoki sawa, hiyo si ya kusubiri kesho, ni hospitali saa ileile.

Sasa swali lako. Ndiyo, mshipa ulioziba unaweza kujulikana bila kudungwa, na wako umeshajulikana. Mtu wa Tororo aliusoma kwa macho yake kupitia mboni iliyopanuliwa. Jicho ndilo mahali pekee mwilini ambapo daktari anaona mishipa ya damu waziwazi bila kukata kitu, na kazi hiyo inafanyika tangu mwaka 1851, Mjerumani Hermann von Helmholtz alipotangaza kifaa chake cha kuchungulia ndani ya jicho. Kwa hiyo binti yako amekosea hapo. Kuchungulia kwa mikono yenye ujuzi ni kipimo kamili, tena kwa ugonjwa huu ndicho kinachotoa jibu la kwanza mara nyingi.

Nikufungulie zile herufi 4, kwa kuwa zitakufuata kila utakapokwenda. B ni tawi. R ni retina, ule utando mwembamba nyuma ya jicho unaopokea picha. V ni vena, mshipa unaorudisha damu. O ni kuziba. Basi ni tawi la vena ya retina lililoziba. Ungeona C mahali pa B, ingekuwa shina kuu limeziba, na jicho lote lingeingia giza au ukungu. Ungeona A mahali pa V, ingekuwa ni ateri, mshipa unaoleta damu, na hiyo ni habari nyingine kabisa ambayo nitaigusa chini.

Wewe unaishi mpakani, utanielewa haraka. Siku geti la kutokea likifungwa, malori hurundikana nyuma, yanajaa barabara, mengine yanapanda hadi kwenye vibanda vya watu. Ndivyo damu inavyofanya vena ikiziba. Inaendelea kuingia lakini haipati pa kutokea, inavuja pembeni, na utando unalowa na kuvimba. Mahali penyewe pa kuziba, kwa kawaida, ni pale ateri inapopita juu ya vena. Mishipa hii miwili hufungwa pamoja katika ala moja, na ateri iliyokakamaa kwa presha ya miaka humkandamiza mwenzake aliye laini. Na kwa nini wewe unapoteza upande wa chini? Kwa sababu picha huingia jichoni kichwa chini. Vya chini hupokelewa na sehemu ya juu ya retina, kwa hiyo nina hakika kubwa kwamba tawi lako lililoziba ni la juu.

Kama jina la ugonjwa linajulikana, Kampala unatafuta nini? Unatafuta majibu 2. La kwanza: je, kitovu cha retina kimevimba? Kitovu hicho huitwa makula, ndicho unachosomea na kuhesabia pesa. La pili: je, kuna eneo la retina lililokosa damu kabisa? Majibu haya ndiyo yanayoamua utibiwe, usitibiwe, au uangaliwe tu.

Jibu la kwanza hutolewa na mashine inayoitwa OCT, na humo hamna sindano hata moja. Unakaa kitini, unaweka kidevu kwenye kishikio, unatazama alama ndogo yenye mwanga bila kuhangaika, dakika chache basi. Mama yeyote aliyewahi kupigwa ultrasaundi ya mimba anaweza kuielewa, ila hii hutumia mwanga badala ya sauti. Inarusha mwanga dhaifu usiodhuru, unagonga kila tabaka la retina na kurudi, na mashine inachora utando wako kana kwamba umekatwa kwa kisu na kugeuzwa ubavu, kama kitunguu. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na watafiti wa Massachusetts, Marekani, David Huang na James Fujimoto wakiwa miongoni mwao, na leo hakuna kipimo ninachokiamini zaidi kwa makula iliyovimba. Katikati ya makula yenye afya utando una unene wa takriban robo milimita. Ukivimba unaweza kufika nusu milimita au kupita. Ile mistari ya daftari lako inayopinda inanifanya nifikiri kwamba wako umevimba, na ndiyo maana sitaki usubiri.

Jibu la pili lina njia 2. Hapo mwanao wa Jinja ana ukweli, ingawa si wote. Ipo kweli picha ya mishipa bila rangi. Ni ndugu wa OCT, huitwa OCT ya angiografia. Inapiga picha mahali palepale mara kadhaa kwa haraka sana, kisha inalinganisha. Kilichobadilika kati ya picha na picha ni chembe za damu zinazotembea, kwa hiyo panapotembea damu hujichora mshipa, na palipokwama hubaki peusi. Ni kipimo kizuri sana, nami nakifurahia kwa ajili ya watu wenye hofu kama yako. Lakini haikionyeshi kinachovuja. Inaona zaidi eneo dogo la katikati kuliko pembezoni, inataka jicho litulie, na damu ikiwa inatembea polepole mno inaweza kuonekana kana kwamba haipo. Tena haipatikani kila penye OCT ya kawaida. Kwa hiyo asiseme "tusikubali kingine". Aseme "tuanze na hiki".

Njia nyingine ni hiyo rangi unayoiogopa. Inaitwa fluoresini, ni ya manjano, na ilianza kutumika kupiga picha za mishipa ya retina mwaka 1961 kwa kazi ya Novotny na Alvis kule Indiana, Marekani. Wanaidunga kwenye mshipa wa mkono, inapita jichoni kwa sekunde chache, na kamera inaifuata kwa muda wa kama dakika 10. Inaonyesha palipoziba, panapovuja, na mishipa mipya mibovu kama imeanza kuota.

Na hapa nisikilize vizuri, mama. Rangi ya skani ya tumbo kwa kawaida ina madini ya iodini. Fluoresini haina iodini. Ni vitu 2 tofauti vinavyoitwa kwa jina moja la "rangi", na kumdhuru mdogo wako kwa ile hakuna maana kwamba hii itakudhuru wewe. Baadhi hupata kichefuchefu cha muda mfupi. Kwa wengi ngozi inageuka manjano kwa saa kadhaa, na mkojo unatoka wa rangi ya machungwa hadi kesho yake. Usije ukashtuka. Mzio mkali upo, ni wa nadra, nao ndio sababu hufanyiwa mahali penye dawa za dharura na watu wanaojua kuzitumia. Mweleze daktari kisa cha mdogo wako chote, na kila dawa au chakula kilichowahi kukuletea vipele au kukubana pumzi. Ukimwambia, "Naomba tuanze na OCT, rangi tuiweke akiba," hujamkosea heshima. Madaktari wengi wa retina leo hufanya hivyohivyo kwa kuziba kwa tawi kama kwako.

Kuna kipimo kingine umeshafanyiwa na hukukijua thamani yake. Ile kurunzi waliyokupitishia jicho hili na hili haikuwa mchezo. Mwanga ukihamishiwa jicho bovu na mboni ikatanuka badala ya kusinyaa, ni dalili kwamba sehemu kubwa ya retina imekosa damu. Kurunzi ya bei ndogo inatabiri hatari ambayo mashine ya mamilioni itakuja kuithibitisha. Lazima ifanyike kabla ya matone ya kupanua, maana baada ya hapo mboni zote zimelala wazi. Ukifika Kampala na mtu akakimbilia matone moja kwa moja, mwombe kwa adabu akumulike kwanza.

Waombe pia wapime presha ya jicho lenyewe, ambayo ni tofauti na ya mkono. Ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Baadhi ya mashine hupuliza hewa tu, nyingine hugusa jicho baada ya tone la ganzi, na hausikii kitu. Presha ya jicho iliyo juu ni mojawapo ya mambo yanayosaidia vena kuziba. Pia retina iliyokosa damu inaweza kuotesha mishipa mipya dhaifu, ikavuja damu au kupandisha presha hiyo hadi jicho likauma na kupofuka. Hatari hiyo ni kubwa zaidi shina kuu linapoziba, hasa katika miezi 3 ya mwanzo, lakini hata wa tawi hatakiwi kupotea kliniki. Ukipewa tarehe ya kurudi, rudi, hata kama jicho limepata nafuu.

Sitakuficha kwamba sindano 1 ndogo haikwepeki. Watakuchoma kupima sukari, na huenda wakatoa damu kidogo kuangalia mafuta na wingi wa chembe. Hiyo unaiweza.

Na tiba? Makula ikiwa imevimba, dawa inayotumika zaidi hudungwa ndani ya jicho lenyewe, baada ya ganzi ya matone, mara nyingi kila mwezi kwa kuanzia. Najua ukisoma hapo umeshika kifua. Walionipitia mikononi wengi walisema baada ya ile ya kwanza kwamba waliogopa bure, kwa kuwa sindano ni nyembamba sana na tendo lenyewe ni la sekunde. Bevacizumab ndiyo ya bei nafuu zaidi kati ya dawa hizo. Uliza kwa jina. OCT ndiyo itakayoonyesha kila mara kama uvimbe unashuka, kwa hiyo hicho kipimo kisicho na sindano kitakuwa mwenzako wa safari nzima.

Mumeo anasema jicho moja linaona. Namheshimu, ada ni mzigo, na mtoto kurudishwa nyumbani ni aibu ya mzazi. Lakini makula iliyolowa kwa miezi huchakaa, na uvimbe ukija kukauka baadaye, kuona hakurudi kwa kiasi kilekile. Ada inaweza kuzungumzwa na mwalimu mkuu ikalipwa kidogokidogo. Kwa wiki 3 ulizokwisha nazo, mimi ningekwenda ndani ya wiki hii.

Kabla hujapanda taksi, mwanao apige simu. Busia hadi Kampala ni karibu kilomita 200, na inauma kufika ukaambiwa mashine imeharibika. Huduma za macho zipo Mulago na Mengo pale Kampala, na ziko Ruharo kule Mbarara kwa wasomaji wa magharibi. Aulize mambo haya tu: OCT ipo na inafanya kazi leo? Daktari wa retina anakaa siku gani? Gharama ni kiasi gani? Aulize hata Jinja kwanza, kwa kuwa ndiko anakoishi na iko njiani. Usiende peke yako. Matone ya kupanua yatakutia ukungu machoni kwa saa kadhaa na jua litakuchoma, kwa hiyo beba kofia au mtandio mpana, na binti yako akushike mkono. Akiona mwenyewe ile picha ya retina ya mama yake kwenye skrini, hatasema tena ni kula pesa.

Wakati unasubiri siku ya safari, chukua daftari la hesabu la mtoto, lile la miraba, weka nukta katikati ya ukurasa. Funika jicho la kulia, tazama nukta, na uchore kwa kalamu mahali miraba inapopinda au kupotea. Andika tarehe, rudia kila siku 2. Karatasi hiyo haitachukua nafasi ya OCT, ila itamwonyesha daktari kama jicho linakwenda mbele au linarudi nyuma. Na yale majani ya jirani yasikaribie jicho tena kabisa. Kidonda kwenye kioo cha jicho kinaweza kukupofusha haraka kuliko huo mshipa.

Kwa wasomaji wengine, nilisema nitaigusa ateri. Jicho likizimika ghafla kama taa iliyokatwa umeme, bila maumivu, likiwa lote au sehemu, hata likirudi baada ya dakika 5, usiende duka la miwani wala usilale ukingoje asubuhi. Hicho ni kiharusi cha jicho. Retina isiyofikiwa na damu hufa ndani ya saa chache, na ubongo unaweza kuwa ndio unaofuata. Panda chochote kinachotembea ufike hospitali kubwa, useme neno "kiharusi" mlangoni.

Mama wa Mukene, karatasi ya Tororo ibebe pamoja na namba zako za presha na vidonge vyote unavyotumia, viwe kwenye mfuko mmoja. Na ukirudi, niandikie uniambie utando wa makula umepimwa unene gani.